Siku Alipochezwa Hajira

Kwenye baraza ya duka moja la vitambaa, hatua chache kutoka Mtaa wa Kongo, Bi Nasma ana meza ya vitu vya kuwapambia mabinti wali. Kama binti yako amevunja ungo na wewe ni mtu wa pwani unayejua mambo yako, huna haja ya kuizunguka Kariakoo nzima mpaka viatu viishe soli. Kwake utapata doti za khanga, udi, chetezo, liwa, hina, mkeka mpya wa kumkalisha mwali, na shanga za kiunoni zinazotungwa hapohapo ukisubiri. Miaka ishirini amewapamba watoto wa watu, na wengi wao hawalijui hata jina lake. Yeye mwenyewe ana mtoto mmoja tu, Hajira, na huyo Hajira ndiye anayetunga shanga.

Jumamosi moja asubuhi alifika mama wa Kigamboni na binti yake wa miaka kumi na miwili. Binti alikuwa mrefu, kifua kimeanza kujaa, na kwa aibu aliyokuwa nayo alikuwa anatazama nyaya za umeme juu kama anazihesabu. Mama mtu akachagua khanga, akanusa udi, akalalamika bei kama ada, kisha jicho likamwangukia Hajira aliyekaa kwenye kistuli, miguu inaning'inia.

"Na huyu mdogo je, yuko darasa la ngapi?"

"Huyo alishamaliza," akasema Bi Nasma.

"Amemaliza? Kadogo hivi? Jamani, watoto wa siku hizi mnawaanzisha shule wakiwa na nepi!"

Mama akacheka, na binti yake akacheka kwa kuwa mama amecheka. Hajira hakusikia. Sikio la kulia lilikwisha kufa, na la kushoto husikia vizuri ukikaa mbele yake na kutulia, na Kariakoo nani atulie? Alikuwa ameinamia uzi wake: nyeupe tatu, nyekundu mbili, nyeupe tatu, nyekundu mbili. Alikuwa na miaka kumi na minane na miezi mitatu.

Bi Nasma akafunga mzigo, akaupokeza, akasema karibu tena. Halafu akageuka kupanga khanga ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Watu wa mji huu midomo yao haina mlango, lakini yule mama hakukosea, alisema alichokiona.

Saa saba mchana wa siku hiyohiyo Hajira akaanguka. Alisimama kuchukua maji, akasema "Mama, baridi," kwenye jua lile la Februari linaloyeyusha lami, na miguu ikamwacha. Jirani yao Filbert, winga anayewavuta wateja kuwapeleka kwenye maduka ya sidiria, akambeba mikononi kama anabeba mfuko wa unga, akamtafutia bajaji. Bi Nasma akapanda naye. Dereva akauliza waende wapi. Bi Nasma akamwelekeza kwa shida, kwa sababu kulikuwa na hospitali moja tu yenye faili la mtoto huyu, na ilikuwa imetimia miaka tisa tangu aache kukanyaga huko naye kwa ajili ya nadhiri.

Hajira alipokuwa na miaka sita alianza kuamka na kichwa kinachouma, anatapika, anatembea upande kama amelewa. Watu wakasema jini. Bi Nasma naye akasema jini, akafukiza kila kitu alichokuwa anauza, mpaka daktari mmoja akamulika macho ya mtoto na kuagiza picha. Ilikuwa ni uvimbe nyuma ya ubongo. Wakampasua, wakautoa kadiri walivyoweza, na uliobaki wakasema utauawa kwa mionzi, kichwa chote na uti wa mgongo. Wiki sita, kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili, mtoto alilazwa juu ya meza akiwa amefungiwa kinyago cha plastiki usoni ili asitikisike, na mama akabaki nje ya mlango mzito wa chuma. Baba yake, Ismail, alikuja mara mbili, kisha akapata mke mwingine Buguruni na shughuli zikamzidi.

Nje ya mlango ule ndipo Bi Nasma alipoweka nadhiri. Mola wangu, ukinirudishia mtoto wangu amepona kabisa nitakushukuru mbele za watu, nitasoma maulidi mtaa mzima wale, na sitamrudisha tena mahali hapa.

Mola akarudisha. Hajira akapona, nywele zikaota isipokuwa kisogoni, akarudi shule. Kwa miaka miwili Bi Nasma aliendelea kumpeleka kliniki, na alipofikisha miaka tisa daktari akasema picha ni safi. Bi Nasma akakusanya fedha karibu miezi sita, ndipo maulidi yakasomwa. Mbuzi akachinjwa, pilau likapikwa, watoto wa mtaa wakalamba vidole, shehe akaomba dua na watu wakaitikia amina. Tarehe ya kliniki iliyofuata ilikuwa Jumatatu ya wiki ya pili yake. Bi Nasma alikishika kile kikadi, akakitazama. Umeshamshukuru Mungu hadharani, umeshalisha watu, halafu Jumatatu unakwenda kuwauliza madaktari kama kweli amepona? Si sawa na kumwambia Mungu kwamba shukrani yako ilikuwa utani? Akakiweka kikadi chini kabisa ya sanduku la khanga, na moyo wake ukatulia. Usimcheke. Kila jirani aliyemweleza alimwambia amefanya vizuri.

Miaka ikaenda, mtoto akabaki palepale. Gauni la Idi la miaka kumi lilimtosha akiwa na kumi na mitatu. Darasani alisinzia. Hesabu alizozijua Jumatatu zilikuwa ngeni Alhamisi, na walimu wakaandika mvivu. Bi Nasma naye alisema mvivu, na hilo ndilo linalomuuma kuliko yote, maana alimchapa. Alimchapa kwa kusahau kuzima jiko, akamchapa kwa kusahau njia ya kurudi kutoka dukani, na siku moja akamchapa mbele ya wateja kwa kukosea mpangilio wa shanga za mwali wa watu. Hajira alilia, akafuta machozi, na baada ya nusu saa alikuwa hajui ni kwa nini mkono wake unauma.

"Mama Hajira," akasema Daktari Leticia hospitalini, jioni ile Hajira alipoanguka, "mara ya mwisho kumleta ilikuwa lini?"

Alikuwa daktari mdogo kwa umri, mpole, mwenye miwani. Hajira alikuwa amewekewa dripu, amelala, kidole gumba kiko karibu na mdomo.

"Zamani kidogo."

"Miaka tisa. Hapa imeandikwa arudi kila miezi sita hata akiwa mzima. Imepigiwa mstari."

"Alikuwa amepona, daktari."

Daktari Leticia hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa afadhali. Alivuta kiti, akakaa, akamweleza taratibu. Kuna tezi moja chini ya ubongo, haizidi punje ya kunde. Hiyo ndiyo inayouamuru mwili urefuke, upate nguvu, uvunje ungo. Mionzi iliua uvimbe, lakini tezi ile nayo ilipata sehemu yake, ikaanza kukauka mwaka hadi mwaka. Masikio vilevile. Uti wa mgongo vilevile. Na ubongo wenyewe, ule wa mtoto wa miaka sita uliokuwa bado unakua, nao ulipigwa.

"Kwa hiyo mlimuharibu," akasema Bi Nasma.

"Bila mionzi asingefika miaka saba, mama. Ungemzika."

"Na kama ningemleta?"

Daktari akavua miwani, akaifuta. "Urefu tungejaribu. Uchovu na baridi tungevidhibiti mapema, shule wangejua namna ya kumsaidia. Kumbukumbu, hata ungemleta kila wiki nisingekuahidi kitu. Na sitaki kukudanganya, itaendelea kupungua."

"Itapungua mpaka wapi?"

"Sijui. Wengine inasimama. Kwa picha yake hii, sidhani."

Hapo mtu mwingine angeuliza mambo mia. Bi Nasma aliuliza moja, lililokuwa likimsumbua tangu wenzake Hajira walipoanza kutolewa wali mmoja baada ya mwingine, Hajira mwenyewe akiwatungia shanga.

"Atavunja ungo?"

"Kwa dawa, ndiyo. Tutaanza kidogo kidogo, itachukua kama mwaka au zaidi, halafu damu itakuwa inatoka kila mwezi. Lakini mtoto wa kuzaa, mama, usimtarajie."

Bi Nasma alibeba nusu ya jibu, ile aliyoitaka, na nusu nyingine akaiacha palepale kwenye kiti cha hospitali.

Basi wakaanza vidonge. Cha alfajiri, cha asubuhi, cha usiku. Kumwachia Hajira avimeze mwenyewe haikuwezekana, kwa hiyo Bi Nasma alimtilia mdomoni mmoja mmoja, akasubiri ameze, akamtazama chini ya ulimi. Na vidonge vikafanya kazi, tusivinyime haki yao. Baridi ikapungua. Akaacha kusinzia ovyo. Baada ya miezi minane Bi Nasma, akimkogesha, aliona kifua kimeinuka kidogo tu, akatoka bafuni haraka ili mtoto asimwone analia.

Kumbukumbu ndiyo ilikuwa inaondoka. Bibi yake Hajira, mama yake Bi Nasma, alifariki mwezi wa Shaabani. Hajira alihudhuria msiba, alilia, akala wali wa matanga. Wiki mbili baadaye akauliza, "Mama, mbona Bibi haji?" Bi Nasma akamwambia. Hajira akapiga yowe, akajitupa chini, akalia kama ndiyo kwanza habari inafika, na kwake ndiyo kwanza ilikuwa inafika. Mwezi uliofuata akauliza tena, na msiba ukaanza upya. Mara ya tatu Bi Nasma akabadilisha jibu.

"Bibi yuko Mafia," akasema. "Amekwenda kwa ndugu zake."

"Ah," Hajira akasema, "atuletee nazi." Tangu siku hiyo Bibi yuko Mafia.

Sasa kuna adabu moja ambayo kila binti wa pwani anafundishwa kabla hata hajajua maana yake. Siku ukiona damu humwambii mama. Unamwambia somo yako, yule mama aliyechaguliwa akulee katika mambo hayo, na somo ndiye anayejua namna ya kupeleka habari. Mama husikia vigelegele tu, akajifanya hajui kulikoni. Somo wa Hajira alikuwa Bi Husna, kungwi wa Ilala, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Tangu Hajira aanze dawa alimkumbusha kila Ijumaa: ukiona kitu, unakuja kwangu, sawa? Hajira aliitikia sawa kila Ijumaa.

Ilikuja Alhamisi moja ya Novemba, soko limejaa, kwenye mwaka wa pili wa vidonge. Hajira alitoka chooni nyuma ya duka, akapita katikati ya watu mpaka mezani, na kwa kuwa husikia kidogo huongea kwa sauti.

"Mama! Kuna damu!"

Filbert, winga ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe, aligeukia ukutani akajitia kupanga sidiria. Mama muuza vitenge wa pembeni akaziba mdomo. Bi Nasma alisimama pale, aibu na furaha vimemshika shati huku na huku, hajui amfuate nani. Adabu ilimtaka asisikie. Akachukua khanga mpya kutoka kwenye rundo la kuuza, akamfunga mwanawe kiunoni, akampigia simu Bi Husna.

Bi Husna alifika akihema. Akamchukua Hajira nyuma ya duka, akarudi baada ya dakika chache.

"Nasma. Hii imekuja yenyewe au imeitwa?"

"Imeitwa, Somo. Kwa vidonge. Unajua."

Bi Husna angeweza kusema mengi. Alikuwa amecheza wali zaidi ya mia, yaani amewafunda na kuwatoa kwa ngoma, na alikuwa na midomo inayoogopwa Ilala yote.

"Damu ni damu," akasema, akapiga kigelegele cha kwanza.

Hajira akawekwa ndani siku saba, chumbani kwa Bi Husna. Yanayofundishwa humo si yangu kuyasimulia, na hata ningeyajua nisingeyasema. Ninachoweza kukuambia ni kwamba siku ya tatu Bi Husna alikuja mezani kwa Bi Nasma, akakaa kwenye kistuli cha Hajira, na kile kistuli kikalia.

"Namfundisha asubuhi," akasema. "Mchana namfundisha upya. Jioni ananiuliza kwa nini haendi nyumbani."

"Lakini anajua kwamba ni mwali?"

"Akiniona, anajua."

"Inatosha, Somo."

"Inakutosha wewe," akasema Bi Husna, lakini kwa upole, na akarudi kwa mwali wake.

Alitolewa Alhamisi iliyofuata baada ya sala ya alasiri. Bi Nasma alikuwa ametunga shanga kwa mkono wake mwenyewe, nyuzi saba, hakumwachia mtu. Hajira alipakwa liwa, akachorwa hina mpaka viwiko, akafukizwa udi, khanga ikamfunika kichwa kuficha pale kisogoni pasipoota nywele. Ngoma zikalia uchochoroni. Mama mmoja mwenye mabega ya kubebea mwali akainama, akampandisha mabegani, akanyanyuka haraka mno, karibu aanguke kinyumenyume.

"Jamani mwepesi huyu!" akasema. "Hana hata kilo!"

Watu wakacheka, wakacheza. Wanawake waliopambiwa mabinti zao kwenye ile meza walikuja, tena wengi, na khanga zikatandikwa chini apite juu yake. Hajira huko juu alikuwa anacheka meno yote nje, amenyoosha mikono, anaitikia ngoma anayoihisi kwenye mwili wa aliyembeba kuliko anayoisikia. Alipomwona mama yake kwenye kundi alipiga kelele, "Mama! Niangalie!" Bi Nasma alimwangalia. Alicheza mpaka kilemba kikafunguka, akalia, akacheza tena. Kwa muda ule alikuwa mama kama mama wengine, na alikuwa na furaha, na ni haki yake kabisa. Filbert alipiga picha nyingi kwa simu, akamtumia Bi Nasma.

Ilipita wiki moja, ikapita ya pili. Hina ikaanza kufifia kwenye mikono ya Hajira, ikabaki kwenye kucha. Alikuwa amerudi kwenye kistuli chake, lakini siku hizi anahitaji mtu wa kumpangia shanga kwenye visahani, la sivyo uzi unakuwa mweupe mtupu. Akaja mteja, mama na binti, wakanunua mkeka na doti mbili na udi, wakaondoka wanacheka. Hajira akawasindikiza kwa macho mpaka wakapotea kwenye umati.

"Mama," akasema. "Mimi nitachezwa lini?"

Bi Nasma alidhani amesikia vibaya. Akaja mbele yake, akachuchumaa ili midomo yake ionekane.

"Umeshachezwa, mwanangu. Juzi juzi tu. Kwa Somo. Hukumbuki?"

Hajira akatabasamu, akidhani ni utani. Bi Nasma akatoa simu, akafungua zile picha. Akamwonyesha mwali aliyebebwa mabegani, mikono juu, hina mpaka viwiko. Hajira akaishika simu kwa mikono miwili, akatazama picha moja, ya pili, ya tatu. Akaitazama hina ya kwenye kucha zake. Akatazama tena picha. Tabasamu likaondoka taratibu.

"Mmenicheza mimi sipo?"

"Ulikuwepo. Ona, huyu ni wewe. Uliniita, ulisema niangalie."

"Sikuwepo!" akapaza sauti, na watu wakageuka. "Mmenicheza mimi sipo! Watu wote wamekuja, mimi sipo! Kwa nini hamkuniita, Mama? Kwa nini hukuniita?"

Alilia mpaka pumzi zikamkatika. Bi Nasma alimshika, akamwambia ulikuwepo, ulikuwepo, wallahi ulikuwepo, na kila alivyoapa mtoto alizidi kulia, maana kiapo kile kilikuwa kinathibitisha kwamba sherehe kweli ilifanyika. Filbert aliacha wateja wake, akaja na soda ya baridi, akasimama nayo mkononi asijue ampe nani. Mwishowe usingizi ndio uliomnyamazisha Hajira, palepale juu ya marundo ya khanga. Alipoamka aliomba soda, akanywa, akauliza nani ameinunua.

Jioni ile, kabla ya kufunga meza, Bi Nasma alizifuta zile picha moja baada ya nyingine. Ziko nyingine kwa Filbert, lakini Filbert ameambiwa asimwonyeshe, na amekubali.

Baada ya siku kumi hivi akapita mwali mwingine mtaani, amebebwa, ngoma nyuma yake, magari yanapiga honi. Hajira akasimama juu ya kistuli apate kuona. Alipiga makofi nje ya mdundo. Ngoma ilipokata kona kuelekea Msimbazi akakaa, akamgeukia mama yake, uso wote unang'aa kwa hamu.

"Mama, na mimi nitachezwa lini?"

Bi Nasma alikuwa na doti mkononi. Akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya nyingine, akainyoosha kwa kiganja. Akaja mbele yake, akachuchumaa ili asikie vizuri.

"Ukikua," akasema.

"Nikikua," akarudia Hajira. Jibu lilimridhisha kabisa. Akachukua uzi wake, akatazama visahani viwili vilivyokuwa mbele yake, kidole kikabaki kinaelea juu.

"Mama, inafuata ipi?"

"Nyeupe," akasema Bi Nasma. "Nyeupe tatu."